Harufu ya Breki Barabara ya Lituhi

Mjomba wangu ana Fuso ya mizigo ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipakia mahindi na maharage Matiri, inapita Kitai, halafu inashuka mpaka Lituhi ziwani. Kurudi hubeba mchele na magunia ya dagaa aina ya usipa waliokaushwa. Mimi nafundisha kemia chuoni, mbali na nyumbani, na likizo ile nilikuwa nimekuja kumwona mama. Niliposikia mjomba anashuka Lituhi nikamwomba lifti, kwa sababu dada yangu mkubwa ameolewa huko na nilikuwa sijamwona siku nyingi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Panda mbele, ila mlango huo uuvute kwa nguvu."

Tulikwenda vizuri mpaka ilipoanza miteremko mirefu. Gari lilikuwa limeshiba mahindi. Mjomba alikuwa akizungumza habari za bei ya mbolea, na kila tulipofika kona mguu wake ulikandamiza breki, ukaachia, ukakandamiza tena. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia harufu.

Harufu ile niliijua, nami sikuijulia barabarani. Ni kali, ina utamu kidogo kwa chini, inafanana na dawa nyeusi ya kusafishia sakafu za hospitali. Maabara yetu hunuka hivyo kila mtu anapofungua chupa ya fenoli. Nikageuza shingo kutazama nyuma kama mjinga, nikidhani labda kuna mtu kapakia chupa ya dawa juu ya magunia.

"Mjomba, umebeba nini nyuma?"

"Mahindi matupu. Hiyo ni breki, mama. Zimechoka. Tutapumzika kidogo."

Akatafuta mahali pa tambarare, akaegesha. Gurudumu la nyuma upande wa kushoto lilikuwa linatoa moshi mwembamba wa bluu. Nilitaka kuchota maji kwenye dumu nimwagie, akanizuia kwa mkono: chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Basi tukakaa kwenye nyasi tukisubiri. Alisema hali ile ilimpata mara kwa mara, na kuna siku alikanyaga pedali ikawa kama anakanyaga mto wa kulalia, gari halishiki, likaja kusimamia kwenye kichuguu. Aliyasema bila kunitazama. Nilijua shangazi, mke wake, hajawahi kuambiwa.

Mimi hofu ilinijia baadaye. Pale kwenye nyasi kilichonishika ni udadisi. Nimefundisha wanafunzi miaka yote hiyo kwamba resini ya fenoli ni mojawapo ya plastiki za kwanza kutengenezwa na binadamu; kwamba ndiyo mipini myeusi ya sufuria na soketi za umeme za zamani; kwamba ukishaipika ikagumu hairudi tena kuwa uji, kama yai lililochemshwa. Nimewaandikia ubaoni pia kwamba ndiyo gundi inayoshikanisha unga wa vitu vingi ndani ya laining za breki, vile vipande vinavyokandamiza dramu ya chuma ndani ya gurudumu. Lakini sikuwahi kuinusa ikiungua chini ya mahindi ya mjomba wangu.

Tulifika Lituhi salama, jua likiwa bado juu. Dada yangu ana mashine ya kukoboa mpunga karibu na barabara, na nyuma ya banda lake kuna lundo la pumba refu kuliko paa. Pumba hizo ni kero. Ng'ombe hawazitaki, kuoza haziozi, upepo wa ziwani ukivuma huingia mpaka kwenye mboga. Wanachofanya ni kulichoma lundo kidogo kidogo. Siku ile lilikuwa linafuka pembeni. Nikaokota kijiti nikachokoa. Juu majivu yalikuwa meusi, na katikati, mahali moto ulipokaa polepole bila kusumbuliwa, yalikuwa meupe kama unga wa muhogo.

"Mbona unachezea takataka?" dada akaniuliza. "Umekuja kunisalimia mimi au umekuja kuzisalimia pumba?"

"Haya meupe huwa mnafanyia nini?"

"Kusugulia sufuria. Yanang'arisha kweli, ila yanakula mikono."

Yanakula mikono kwa sababu ni silika, jamaa ya mchanga na kioo. Mpunga huifyonza ardhini na kuipeleka kwenye ganda lake, ndiyo maana ganda linakwaruza. Hilo nilikuwa nalijua vitabuni. Nilikuwa nimesoma pia kwamba watafiti huchanganya chembe ndogo mno za silika kwenye resini ili istahimili moto zaidi. Vitu hivyo viwili vilikuwa vimekaa kichwani mwangu kila kimoja kwenye kona yake, na pale nyuma ya banda la dada vikakutana. Nilirudi na gunia zima la pumba. Mjomba alicheka njia nzima. Alisema katika maisha yake amebeba kila kitu kutoka Lituhi isipokuwa kile ambacho Lituhi wanakitupa.

Chuoni nilianza na swali la rangi, kwa kuwa ndilo lililokuwa linaniwasha. Kwa nini mahali pengine meusi na pengine meupe? Nilipochoma pumba kama zilivyo kwenye tanuri la maabara, hata nikizichoma polepole kama katikati ya lundo la dada, majivu yalitoka meupe lakini yenye madoa meusi ambayo hayakuondoka. Nilipoziosha kwanza, nikazichemsha kwenye asidi hafifu, nikazisuuza na kuzikausha, halafu ndipo nikazichoma, zilitoka nyeupe kabisa. Kumbe kwenye ganda kuna chumvichumvi za potasiamu. Zikipata moto huyeyusha uso wa silika, ukafunga kama mlango, na masizi yakabaki yamefungiwa ndani yasipate hewa ya kuunguzwa. Asidi huondoa zile chumvi, mlango unabaki wazi. Siku nilipolielewa hilo nilimpigia dada simu kumweleza. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Majivu yale niliyasaga kwa siku kadhaa, mdomo na pua vimefunikwa, kwa sababu vumbi la namna ile halifai mapafuni. Chembe zilizopatikana ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga mstari, zaidi ya elfu moja ndizo zitakazofikia unene wa unywele. Ukiziweka kwenye chupa zinaonekana kama moshi uliotulia.

Kisha ikaja resini yenyewe. Nilikuwa na mwenzangu katika kazi hii, mhandisi wa idara ya jirani, mtu mrefu mpole mwenye mashine ya kupima msuguano aliyoiunda mwenyewe: sahani ya chuma inayozungushwa na mota, na kipande cha kujaribiwa kikibanwa juu yake. Yeye alisubiri vipande, mimi nikapika. Unachanganya fenoli na formaldehaidi, unatia kichocheo kidogo, unapasha huku unakoroga. Mwanzoni inakuwa kama maji, halafu kama asali. Shida ni kwamba ikishaanza, yenyewe inazaa joto, na joto hilo linaiharakisha zaidi. Mara ya kwanza niligeuka kuandika kitu, niliporudisha macho uji ulikuwa umechemka kwa nguvu zake wenyewe, umeganda, na kikorogeo kimesimama katikati yake wima. Chupa ile tunayo mpaka leo, kikorogeo ndani kama nzi kwenye utomvu. Wanafunzi wapya huonyeshwa hiyo kabla ya kuruhusiwa kugusa kitu chochote.

Nilipozoea kupika, nikatia majivu. Nilitia mengi, nikidhani yakizidi ndivyo itakavyostahimili. Vipande vilitoka vibaya kuliko vile visivyo na kitu. Chini ya darubini tuliona kwa nini: chembe zimeshikana mabonge, kama unga wa ugali uliomwagwa kwenye maji ya moto na mtu asiyejua kukoroga. Kila bonge ni mahali dhaifu, na ufa unapita hapohapo.

"Umezisaga wiki nzima ziwe ndogo," mwenzangu akasema, "na zenyewe zimerudiana."

"Kwa nini zinapendana hivyo?"

"Wewe ndiye mkemia."

Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Chembe ikiwa ndogo hivyo, karibu yote ni uso, ndani hamna kitu. Na uso wa silika una mikono mingi ya kushikia. Isipopata kitu kingine cha kushika, itashika mwenzake. Basi kazi ikawa kuipa kitu kingine. Nilizipaka kwanza dawa ambayo upande mmoja inashika silika na upande wa pili inashika resini. Nikapunguza kiasi mpaka kikawa kidogo cha kutia aibu. Nikazitawanya kwenye resini ikiwa bado nyepesi, kwa kifaa kinachotikisa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Halafu tukabana kwenye kalibu yenye moto, tukifungua mara kwa mara mvuke utoke, maana resini hii ikiwa inagumu hutoa maji, na maji yakikosa njia huacha mashimo.

Tulipoweka kipande kwenye mizani iliyo ndani ya tanuri, ile inayopima uzito huku joto likipanda, mstari wa uzito kwenye skrini ulibaki umelala. Ukaendelea kulala kupita pale ambapo resini tupu huanza kuporomoka. Ulipoinama hatimaye, uliinama taratibu, na mwisho kilibaki kipande kikubwa zaidi cha kaa gumu. Chembe zile zilikuwa zinaishikilia resini isitingishike ovyo kwenye joto, na ilipoungua ziliacha tabaka linalozuia moto kwenda ndani. Hatukupiga makofi. Mwenzangu aliomba tu turudie, tukarudia, ikatoka vilevile. Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha jengo, nikajikuta natabasamu peke yangu.

Likizo iliyofuata nilikwenda Matiri na kipande kimoja mfukoni. Mjomba alikigeuza kiganjani, akakinusa, akakigonga kwenye bampa la gari.

"Kwa hiyo hiki hakiungui."

"Kinaungua, mjomba. Kinachelewa."

"Mimi nataka hicho cha kuchelewa. Nifungie."

"Siwezi. Hakijapimwa kwenye gari. Kinaweza kustahimili moto halafu kikala dramu, au kikashika vizuri jua likiwaka na kikakataa mvua ikinyesha. Lazima kipitie kwa wanaothibitisha ubora, na huko hakijafika."

"Mimi ndiye nitakayekipima."

"Ukianguka nacho je?"

Akanirudishia kipande changu. Hakukasirika kwa kelele, mjomba hana kelele, lakini siku nzima alinijibu kwa neno mojamoja, na shangazi aliniuliza jikoni tumekosana nini. Sikujua nimjibu vipi bila kukitaja kile kichuguu. Jioni mjomba alikuja nilipokuwa nimekaa na mama, kwenye ukingo wa shamba la ngolo, lile la vishimo vya kutunza maji ya mvua, akachuchumaa.

"Haya. Kama hutaki kunifungia, ukija kwangu unataka nini?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka kitu. Katika maabara tulikuwa tukiunguza vipande kwa joto tulilolichagua sisi. Hakuna aliyejua dramu ya Fuso iliyoshiba mahindi inafika joto gani kwenye mteremko wa Lituhi. Kwenye begi nilikuwa na kipimajoto cha kiwandani, ndugu wa vile vya mfano wa bastola tulivyokuwa tukielekezewa usoni milangoni wakati wa korona, ila hiki kinasoma moto mkali.

"Nataka tushuke tena," nikamwambia, "na usimame pale nitakapokuomba."

Macho yake yalibadilika. Nadhani mpaka dakika hiyo alikuwa anafikiri kazi yangu ni ya mahali ambapo yeye hana nafasi.

Tulishuka asubuhi, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Kila tulipofika tambarare alisimama, nikaruka chini, nikaelekeza kipimajoto kwenye magurudumu, moja baada ya jingine, nikampigia kelele namba na yeye akazirudia kwa sauti ili zisipotee. Kituo cha kwanza nilidhani nimekosea. Nikapima upya. Kituo cha pili mjomba alishuka akakichukua kipimajoto mkononi mwangu, akalizunguka gari yeye mwenyewe. Magurudumu ya mbele yalikuwa na uvuguvugu. La nyuma kulia lilikuwa na moto wa wastani. La nyuma kushoto lilikuwa mara kadhaa ya mengine, na dramu yake imegeuka rangi.

"Hii moja," akasema taratibu, "ndiyo inayolisimamisha gari lote."

"Na zile nyingine?"

"Zile nyingine zinasindikiza."

Tukatazamana. Hata resini bora kuliko zote duniani ingeungua ikiachiwa mzigo wa magurudumu yote. Niliona aibu kidogo, kisha nikaona raha, ile raha ya kukuta kwamba swali ulilokuja nalo lilikuwa limemficha mwenzake nyuma yake. Tuliteremka sehemu iliyobaki kwa gia nzito, polepole sana, mjomba akiigusa pedali ya breki kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

Tulipopanda kurudi tukapitia kwa fundi wake pale Kitai. Fundi aliingia chini ya gari na funguo zake, akafungua dramu zote. Zile tatu zilikuwa zimelegea, laining zake bado nene kama zilivyotoka dukani, kwa kuwa hazikuwa zikifika kugusa sawasawa. Ile ya kushoto nyuma ilikuwa imepasukapasuka, uso wake unang'aa kama kioo cheusi. Mjomba alieleza kwamba kila aliposikia harufu alikuja kubadilisha hiyo moja, na fundi alibadilisha hiyo moja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutazama zile zisizolalamika. Fundi akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Akabadilisha laining za nyuma zote mbili, akarekebisha magurudumu yote, sisi tukala wali maharage kibandani tukimsubiri.

Safari iliyofuata mjomba alinipigia simu akiwa Lituhi, mimi nikiwa nimesharudi chuoni. Alikuwa kwa dada yangu. Nilisikia mashine ya mpunga ikinguruma nyuma yake.

"Hainuki," akasema.

"Hata kidogo?"

"Nimeinusa mwenyewe gurudumu kwa gurudumu. Watu wa hapa wamenishangaa." Akakohoa kidogo. "Na jana nimemwambia shangazi yako habari za siku ile ya kichuguu. Amenisema mpaka usingizi ukanikimbia. Lakini nimemwambia."

Nikafurahi kwa hilo kuliko kwa mambo ya magurudumu. Kisha akaniuliza, kwa upole, kana kwamba anaogopa kuniumiza, kama sasa yale majivu yalikuwa kazi bure.

Nikamweleza kwamba hapana. Namba tulizozipata mteremkoni zilikuwa zimekwenda kwa mwenzangu mhandisi, na kwa mara ya kwanza tulikuwa tunavipasha vipande vyetu joto la kweli la barabara ya kweli, likipanda na kushuka kama kona zinavyokuja. Huko tuligundua kwamba kipande chenye majivu kinashika vizuri kwenye moto, ila sahani ya chuma inaanza kupata michirizi, kama mikono ya wanaosugua sufuria. Tulikuwa tunatafuta namna ya kukilainisha. Gari la mtu mwingine, lenye breki zilizorekebishwa vizuri na mteremko mrefu kuliko huu, litakuja kuhitaji hicho cha kuchelewa.

Alisikiliza.

"Nina swali," akasema. "Hizo chembe umesema hazionekani. Umezitia kwenye uji. Uji ukiganda, ile ya juu inajuaje kubaki juu, na ya chini inajuaje kubaki chini? Kwa nini zote zisizame kama mchanga kwenye ndoo?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Nilikuwa na jibu la darasani, kwamba vitu vidogo hivyo husukumwasukumwa na joto na hubaki vinaelea. Lakini uji wetu hukaa kwenye kalibu kwa muda, tena ukiwa wa moto na mwepesi kabla ya kugumu, na hata siku moja hatukuwahi kukata kipande kwa kimo chake tukalinganisha juu na chini. Tulikuwa tumechukulia tu kwamba ziko sawa kila mahali.

"Sijui, mjomba," nikamwambia. "Ngoja nikakate nitazame."

Nikavaa koti la maabara nikaenda kutafuta msumeno.